Ana haya, na sasa ana kigugumizi: kipi kimemzaa mwenziwe?

"Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba. Mwanangu wa kati ana miaka mitatu na miezi minane. Tangu mchanga ni mtoto wa haya: mgeni akiingia, yeye yuko nyuma ya kanga yangu, honi ya gari inamliza, nguo mpya haivai mpaka ailaze kwanza siku mbili tatu kitandani. Kusema alianza mapema na akisema vizuri tu. Miezi mitano nyuma, wiki chache baada ya mdogo wake kuzaliwa na yeye kuanza chuo cha Qur'ani, akaanza kurudiarudia: 'n-n-n-nataka', 'ma-ma-mama'. Siku nyengine neno halitoki kabisa, anakodoa macho na kupiga mguu chini. Chuoni akisoma pamoja na wenzake hakwami hata kidogo. Mwalimu akimwita peke yake, kimya. Bibi yake anasema ni khofu, kuna kitu kimemtisha, anataka tumfanyie kombe, anyweshwe maji ya aya. Baba yake anasema namdekeza, aachwe apambane na wenzake ndiyo atakuwa mwanamme. Ami yake ana kigugumizi mpaka leo. Je, haya zake ndizo zilizomletea kigugumizi? Nikimtoa uoga kitaondoka? Na nimtoe chuo au nimwache?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwenye nguo mpya inayolazwa kitandani, kwa sababu ulimweleza mwanao kwa mstari mmoja kuliko fomu nyingi ninazojaziwa. Unataka kujua kama haya zimezaa kigugumizi, ili ukizing'oa haya na kigugumizi kife. Jibu langu ni hapana: haya hazikukizaa. Lakini vimekutana ndani ya mtoto mmoja, na mimi kinachonishughulisha ni jinsi vitakavyoishi pamoja humo.

Tuanze na kigugumizi chenyewe, maana hapa ndipo wewe, bibi na baba mnapobeba lawama isiyo yenu. Kigugumizi cha utotoni huanza mara nyingi baina ya miaka miwili na mitano, wakati ambapo maneno yanamjia mtoto kwa kasi na sentensi zinarefuka. Si kitu adimu. Mjini Melbourne, Australia, watafiti waliwafuatilia watoto 1,619 tangu wakiwa na miezi minane, na walipofika miaka minne asilimia 11.2 walikuwa wameshaanza kugugumia wakati fulani. Mara nyengine kinaingia taratibu, mara nyengine mtoto analala mzima wa maneno na siku mbili tatu baadaye kila sentensi inamkwama. Ndiyo maana wazee hutafuta kilichomtisha: kitu kilichokuja ghafla kinaonekana lazima kina kisa.

Sasa tazama kalenda ya mtoto wa Pemba. Miaka mitatu na kitu ndipo anapopelekwa chuo. Ndipo pia, kwa familia nyingi, mdogo wake anapozaliwa, na yeye anahama kitanda cha mama. Na ndio umri ule ule ambao kigugumizi, kwa maumbile yake, huanza. Mambo matatu yanapita kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja, halafu tunasema la kwanza limemsukuma la tatu. Mtoto mchanga hakumpa kaka yake kigugumizi. Inawezekana shughuli za nyumba zilikifanya kionekane mapema zaidi au kwa nguvu zaidi, hilo silikatai, lakini kukitia ndani ya mtoto haziwezi.

Kilichokuwamo ndani ni nini? Sehemu kubwa ni urithi. Ami yake hakumwambukiza kwa kukaa naye barazani, ila inawezekana kabisa wote wawili wamechota kisima kimoja. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza mabadiliko katika vinasaba vitatu vinavyohusiana na kigugumizi, na safari yao ilianzia kwenye ukoo mmoja mkubwa wa Pakistan wenye watu wengi wanaogugumia. Vinasaba hivyo vinaeleza sehemu ndogo tu ya watu wenye tatizo hili, lakini vilitosha kuifunga hoja ya zamani kwamba ni malezi mabaya ya mama.

Umewahi kuwatazama vijana kwenye maulidi ya homu? Safu moja ndefu, mikono, vifua na sauti, na matari yanawapa wakati. Kijana mmoja akichelewa nukta tu, safu nzima inayumba. Kusema ni homu ndani ya mwili: pumzi, koo, ulimi, taya na midomo, kila kimoja kinangoja kiambiwe "sasa". Kwa mtoto mwenye kigugumizi, yule mpigaji wa ndani anayetoa hiyo "sasa" mara nyengine anachelewa. Picha za ubongo za watoto wadogo zimeonesha kwamba njia zinazounganisha sehemu za kusikia, za kupanga na za kuendesha viungo vya kusema, khasa upande wa kushoto, hazijakaza kama za wenzao. Neno liko tayari, mtoto analijua vizuri, lakini mlango hajafunguliwa. Basi analisukuma, na ndipo unapoona macho yanakodoka na mguu unapiga chini.

Kwa picha hiyo utaelewa kile kilichokushangaza chuoni. Akisoma na wenzake tari linapigwa nje yake. Sauti za watoto ishirini zinampa wakati, hahitaji kumngoja mpigaji wa ndani. Akiimba kasida ni hivyo hivyo, na utaona ugumu umetoweka. Wenye kigugumizi duniani kote wanalijua hili. Kwa hiyo mwambie baba yake kwa uhakika: mtoto hajifanyi. Anayesoma vizuri na kundi kisha akanyamaza peke yake si mvivu wala si mkaidi, amenyang'anywa tari.

Nije kwenye hulka. Natumia neno hilo kwa makusudi, kwa sababu "uoga" ni hukumu na "hulka" ni maelezo. Hulka ni jinsi mtoto alivyoumbwa kuipokea dunia: anashtuka upesi au pole, anatulia haraka au anachukua saa nzima, kitu kipya anakikimbilia au anakizunguka kwanza. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watoto wa miezi minne kwa kuwaonesha na kuwasikilizisha vitu vigeni, akaona kwamba takriban mmoja kati ya watano anarusha mikono na miguu na kulia sana. Na wengi wa hao ndio waliokuja kuwa na tahadhari mbele ya wageni. Miezi minne! Hapo hakuna aliyemdekeza bado. Mwanao wa nguo mpya naona ni wa kundi hili, na kundi hili lina sifa zake: wanachunguza kabla ya kugusa, wanawajali wenzao, na mara nyingi husikia usichodhani wamesikia.

Je, watoto wa hulka hii ndio wanaopata kigugumizi? Hapa nakuomba uvumilivu kidogo, maana majibu ya watafiti hayakubaliani moja kwa moja. Zipo tafiti nyingi zilizowapa wazazi madodoso, na kwa wastani wazazi wa watoto wenye kigugumizi wanasema watoto wao wanashtuka zaidi, wanazoea mabadiliko kwa shida zaidi, na wanapata taabu zaidi kuhamisha mawazo kutoka kwenye jambo linalowaudhi. Lakini tofauti hizo ni ndogo, na makundi yanaingiliana mno: ukinipa mtoto mwenye haya sana siwezi kukuambia kama anagugumia, na ukinipa anayegugumia siwezi kukuambia kama ana haya. Nimefanya kazi na watoto wenye kigugumizi wanaopanda juu ya meza na kumpigia kelele mgeni asiyewajua. Zaidi ya hayo, wengi wa watoto katika tafiti hizo walipimwa baada ya kigugumizi kuanza. Mtu ambaye maneno yanamkwama kila siku, si ajabu akawa na tahadhari. Wale watafiti wa Melbourne walikuwa na bahati ya kuwaona watoto kabla hawajasema neno, na kwao watoto wa haya hawakuwa na hatari zaidi ya kuanza kugugumia. Waligundua jengine litakalokufurahisha: katika umri wa miaka minne, walioanza kugugumia walikuwa juu kidogo ya wenzao katika lugha. Mwanao aliyeanza kusema mapema hakupotea njia.

Hulka basi inaingia wapi? Inaingia siku kwa siku, sentensi kwa sentensi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, wameeleza kwamba kigugumizi cha mtoto hupanda na kushuka pale udhaifu wake wa kusema unapokutana na hisia zinazowaka upesi na kupoa pole. Mwili ukishtuka, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na mawazo yanahamia kwenye nyuso zinazomtazama. Mpigaji wa tari aliyekuwa akichelewa kidogo sasa anapiga mikono ikiwa imekauka. Mtoto wa hulka tulivu anapambana na hali hiyo mara mbili kwa siku. Wako labda mara kumi. Na usidhani ni khofu peke yake. Furaha nayo ni moto. Chunguza asubuhi ya Sikukuu, au siku baba yake anaporudi safari na mkoba wa zawadi: nadhani utasikia kigugumizi kikubwa kuliko cha chuoni, na hapo hakuna aliyemtisha.

Lakini hilo si zito sana. Zito ni hili: mtoto wa haya tayari anayo dawa yake ya kila kitu kigumu, nayo ni kurudi nyuma ya kanga. Sasa ameanza kugundua kwamba dawa hiyo inatibu na maneno. Mwalimu anamwita, neno linakwama, moyo unamwenda mbio, ananyamaza, mwalimu anamwita mwengine, na papo hapo kifua kinapoa. Kimya kimemlipa. Kesho atanyamaza kabla hata neno halijakwama. Hivyo ndivyo mtoto mwenye kigugumizi chepesi anavyoweza kukua akawa mtu mzima anayeagiza soda asiyoitaka, kwa sababu jina la anayoitaka linaanza na herufi ngumu. Nakuomba macho yako yote yawe hapa. Usihesabu amekwama mara ngapi leo. Hesabu amesema mara ngapi.

Kwa hiyo ushauri wa baba yake, kwamba aachwe apambane, nauelewa unapotoka na siukubali. Kipo kisa cha mwaka 1939 ambacho sisi wa kazi hii tunakisoma kwa aibu. Katika jimbo la Iowa, Marekani, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, chini ya mwalimu wake Wendell Johnson, alikwenda kwenye nyumba ya mayatima akafanya jaribio kwa watoto 22. Baadhi yao walikuwa wanasema sawasawa kabisa, wakaambiwa wana kigugumizi, wakaonywa wajizuie, wasiseme mpaka waweze kusema vizuri. Miaka mingi baadaye kumbukumbu zilipopitiwa upya, hakuonekana mtoto aliyepata kigugumizi cha kweli kwa kuonywa. Walichopata ni kimya: majibu ya neno moja, kuziba uso, kukataa kusoma darasani. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2001. Ukali haukuweza kutengeneza kigugumizi. Watoto walionyamaza, ndiyo, uliwatengeneza, na hao hawakuwa hata na tatizo la kuanzia.

Simwambii baba asimpe mtoto mazoezi ya ujasiri. Hakuna Mpemba aliyefunzwa kuogelea kwa kutupwa katikati ya mkondo. Ulianza maji ya magotini, kesho ya kiunoni, na mkubwa akiwa karibu. Mtoto wa hulka hii akisukumwa kwa ngazi ndogo anapanda. Akifichwa kabisa, anabaki pale pale alipo, na hapo ndipo na wewe, dada yangu, unaweza kukosea kwa huruma: kumjibia wageni, kumwagizia dukani, kumtoa kila penye watu.

Chuo basi, usimtoe. Ukimtoa sasa, umempa kimya ushindi mkubwa, na umemnyima mahali pekee anapotoa sauti kubwa kila siku bila kukwama. Nenda kwa mwalimu wake, peke yako au na baba, wakati watoto hawapo. Mwambie kwamba huyu mtoto hajakataa kusoma. Ulimi wake unakwama akiwa peke yake, na ukali unaukaza zaidi. Muombe kwa muda asomeshwe na mwenzake mmoja, wawili kwa sauti moja, badala ya peke yake. Wiki zikienda, yule mwenzake apunguze sauti pole pole. Kisha aanze yeye, mwenzake adakie. Hizo ndizo ngazi. Muombe pia bakora isikaribie jambo hili, na watoto wakimwiga awakataze pale pale. Walimu wetu wa chuo wanamjua Nabii Musa na dua aliyoomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili watu wafahamu anachosema. Mtu aliyesomesha aya hiyo miaka yote atakuelewa upesi kuliko unavyofikiri.

Kuna jambo jengine ambalo hukuliandika ila najua lipo, kwa sababu lipo kila nyumba hapa kwetu. Kusalimu. Mgeni kaingia, mtoto anaitwa: "Njoo, mpe mkono bibi, sema shikamoo!" Kwa mtoto mwenye kigugumizi maneno mazito kuliko yote ni yale yasiyo na badala. Akitaka kusema "nataka" akakwama, anaweza kukwepa akasema "nipe". "Shikamoo" haina mwenziwe. Jina lake halina mwenziwe. Na yote mawili yanatakiwa sasa hivi, mbele ya macho ya watu, naye ni mtoto anayehitaji robo saa kuuzoea uso mpya. Akinyamaza anaambiwa hana adabu, na kwetu hilo si neno dogo, linamgusa na mama yake. Fanya hivi: mshike mkono, msalimu mgeni pamoja naye, sauti zenu mbili kwa wakati mmoja. Umempigia tari la nje. Akishindwa hata hapo, mkono wake na kuinamisha kichwa vimeshasalimu, mgeni mwambie tu, "Ana haya, akikuzoea utamchoka." Asilazimishwe kurudia.

Bibi naye na kombe lake. Mimi si mtu wa kumkataza mama wa mtu kumuombea mjukuu wake, na dua inayosomwa kwa upole haina ubaya. Mambo mawili tu. Mtoto asisikie kwamba ana shetani au kuna kitu kimemuingia. Mtoto wa hulka hii atalala na maneno hayo mwaka mzima. Na kombe lisichukue nafasi ya kwenda kuonwa. Lakini akitokea mtu akasema akatwe kimeo au uzi wa chini ya ulimi, hapo sema hapana bila ya kutafuna maneno. Ulimi wake unatamka "nataka" vizuri siku ambayo hakukwama. Haukufungwa na kitu. Kisu hakifiki kule kwenye tatizo. Wala usihangaike na wanaosema Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha katuni vimemchanganya. Lugha nyingi hazileti kigugumizi.

Nyumbani mambo ni machache. Acheni kumwambia "sema pole pole", "vuta pumzi", "anza tena". Nia ni njema, lakini anachosikia ni kwamba amekosea. Badala yake, wewe mwenyewe punguza kasi, acha kapumziko kabla ya kumjibu, na akikwama mtazame usoni kama kawaida mpaka amalize, usimmalizie. Likiwa zito mno hadi amekasirika, usijifanye hukuona, mwambie, "Neno hilo lilikuwa gumu, ee? Nakungoja." Zamani tulikuwa tunawaambia wazazi wasilitaje kabisa mbele ya mtoto. Tulikosea. Mtoto anajua vizuri kwamba kuna kitu, na kimya cha nyumba nzima kinamfundisha kuwa ni kitu cha aibu. Kisha mtafutie dakika tano, mara nne au tano kwa wiki, yeye na wewe peke yenu, mtoto mchanga akiwa kwa bibi, simu imezimwa, mnacheza anachotaka yeye. Nitakuwa mkweli: ukiwa na mchanga wa miezi sita hizo dakika tano ni kazi. Lakini ndizo nitakazozitetea kuliko nyengine zote. Na usingizi wake uulinde, maana hisia za mtoto aliyechoka zinawaka kama makumbi.

Sasa swali gumu: kungoja au kutibu? Kwa jumla, takriban watoto watatu kati ya wanne walioanza kugugumia utotoni huacha wenyewe, wengi ndani ya miaka michache. Watu wazima wenye kigugumizi ni kama mmoja katika mia. Kwa mwanao kuna yanayonipa matumaini: kilianza kabla ya miaka mitatu na nusu, lugha yake ni nzuri, na ni miezi mitano tu. Kuna pia yanayonizuia kukuahidi. Ni mwanamme, na wasichana huacha zaidi. Ana ami ambaye chake hakikuondoka. Na ameshaanza kukaza mwili na kunyamaza. Haya zake sizihesabu katika upande wa hatari ya kutopona, lakini nazihesabu katika sababu za kutongoja, kwa kile nilichokueleza kuhusu kimya.

Matibabu ya umri huu yanapitia kwa mzazi. Ipo njia iliyotengenezwa Sydney, iitwayo Lidcombe, ambapo mzazi anafundishwa kila wiki jinsi ya kumsifu mtoto kwa maneno yaliyotoka laini, kwa kipimo na kwa wakati wake. Ipo nyengine inayopunguza mizigo inayomzunguka mtoto na kumjenga uwezo wake. Uholanzi walizilinganisha kwa watoto 199, na baada ya miezi 18 watoto wengi katika makundi yote mawili walikuwa hawagugumii tena, bila ya tofauti kubwa baina yao. Hawakuweka kundi lisilotibiwa, kwa hiyo sehemu ya ushindi huo ni ya maumbile. Kwa mtoto wa hulka kama ya wako ningeanza na hiyo ya pili, ambayo inashughulika na hisia zake na pilika za nyumbani. Kama miezi mitatu ikipita bila ya dalili njema, ningehamia Lidcombe. Tafadhali usiijaribu Lidcombe kwa kuisoma tu. Sifa zikizidi, mtoto wa haya anaona anachunguzwa.

Nani atakufundisha? Wataalamu wa usemi ni wachache mno Tanzania nzima, na Pemba wewe unajua hali. Usifunge safari kwanza. Anza na kupima masikio yake hospitali iliyo karibu, au Hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, na uombe barua ya rufaa kwenda Mnazi Mmoja, Unguja, au Muhimbili, Dar es Salaam. Waulize pia kama mtaalamu anaweza kuendelea nawe kwa simu ya video. Australia njia ya Lidcombe imejaribiwa hivyo na matokeo yalikuwa sawa na ya ana kwa ana. Kabla ya hapo chukua daftari: kila usiku andika namba moja, sifuri kama hakukwama kabisa, tisa kama siku ilikuwa mbaya kupita zote, na pembeni maneno mawili ya kilichotokea. Mrekodi dakika mbili kwa simu akicheza, asijue. Wiki nne za daftari hilo zitamsaidia mtaalamu kuliko saa nzima ya kukuuliza maswali, na zitakutuliza na wewe, maana kigugumizi kina misimu. Kinapanda wiki mbili na kushuka tatu, na bila daftari utaikumbuka ile mibaya tu.

Usingoje rufaa wala daftari kama kigugumizi kimefuatana na kuanguka akaumia kichwa, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au kupoteza maneno aliyokuwa nayo. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ataacha kusema hata na wewe, au ataanza kukataa kula na kulala kwa hofu ya chuo, nipigie au mpeleke kuonwa wiki hiyo, usisubiri mwezi.

Nimemuweka ami mwisho kwa sababu barua yako ilimtaja kama ushahidi wa ugonjwa, na mimi namuona kama msaada mlio nao bure. Yeye pekee katika nyumba hiyo anajua inavyokuwa neno likikwama kooni. Muombe aje jioni, akae na mtoto barazani, asimfundishe kitu wala asimpe nasaha. Ampe hadithi yoyote, ya samaki au ya mpira. Akikwama akwame, mtoto amuone, kisha aimalize sentensi yake mpaka mwisho.